Jua la Uganda na ngozi yenye soriasisi: namna ya kuota jua bila kuungua

Mwenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, huku kwetu huambiwa mambo mawili yasiyopatana. Jirani humwambia auanike mwili, jua litakausha mabaka. Duka la dawa humwambia ajipake losheni ya jua na akae kivulini. Ukimfuata jirani peke yake utaungua, na ngozi iliyoungua huzaa mabaka mapya. Ukifuata la dukani peke yake utajinyima dawa isiyouzwa kwa bei yoyote. Mimi naishi na ugonjwa huu hapahapa Uganda, na msimamo wangu ni huu: mabaka yapewe jua kwa kipimo, na ngozi iliyobaki ifunikwe. Hapa kwetu jua si la kutafuta. Kazi ngumu ni kujua lini uliache.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, maana wengi bado wanaogopa hata kushika mkono wa mwenye mabaka. Soriasisi haiambukizi. Si fangasi, si ukoma, wala haitokani na uchafu. Kinga ya mwili imepotoka na inaihimiza ngozi itengeneze seli mpya mbiombio. Ngozi ya kawaida huchukua takribani mwezi mmoja kujibadilisha; penye baka kazi hiyo huisha ndani ya siku chache, seli zikarundikana na kuwa magamba. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio lililoitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na usio na tiba ya kuumaliza kabisa. Na kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu ule wa kwenye picha za Ulaya: baka letu huwa la zambarau, kijivu au kahawia iliyokoza, na likipona huacha doa jeusi au jeupe kwa miezi.

Jua linaingia wapi? Katika miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile iitwayo UVB hupunguza makali ya kinga katika ngozi na kuzipunguzia seli kasi. Ndiyo maana hospitali zenye vifaa hutumia taa maalumu za UVB kutibu soriasisi. Miale ya UVA huzama ndani zaidi, huzeesha ngozi na hukoleza madoa. Jua linatoa zote mbili kwa pamoja, wala huwezi kulichagulia.

Lakini kuna hatari moja ambayo kila mwenye soriasisi anapaswa kuijua kuliko nyingine zote. Mwaka 1872 Heinrich Koebner, daktari wa ngozi wa Ujerumani, alieleza jinsi mgonjwa wake alivyotokewa na mabaka mapya pale alipoumizwa: alipokwaruzwa, alipong'atwa na farasi, alipochorwa chale za rangi. Ngozi ya soriasisi hujibu jeraha kwa baka. Kuungua na jua nako ni jeraha, tena linaloenea mgongo mzima kwa siku moja. Baka jipya linaweza kuchukua wiki moja au mbili kujitokeza, kwa hiyo mtu halihusishi na ile siku aliyochoma matofali au kupalilia bila shati.

Hatua ya kwanza: hakikisha jua linakufaa

Wapo ambao wasiote jua kabisa kama dawa: wenye ualbino, wenye ugonjwa wa lupasi, aliyewahi kupata saratani ya ngozi, na mwenye soriasisi ya usaha au iliyoenea mwili mzima na kuufanya uwake moto. Wapo pia wachache ambao soriasisi yao huzidi kwa jua lenyewe, hata wasipoungua. Kama mabaka yako huongezeka kila unapofanya kazi shambani na kupungua ukikaa ndani, huenda wewe ni miongoni mwao. Mweleze daktari kabla ya kuendelea kusoma hatua zinazofuata.

Halafu toa dawa zako zote, uziweke mezani. Hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua sababu. Doxycycline, ambayo huku tunapewa kwa kifua, kwa ngozi na hata kwa kuzuia malaria, huifanya ngozi iungue upesi. Septrin nayo inaweza kufanya hivyo, na watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi huimeza kila siku. Virusi vyenyewe pia vinaweza kuifanya ngozi isivumilie jua. Baadhi ya vidonge vya presha vya kukojoza viko katika kundi hilo. Dawa ya lami inayopakwa kwenye mabaka huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua hata siku moja baada ya kuipaka. Anayetumia methotrexate anaweza kuona mahali palipoungua siku zilizopita pakiwaka tena. (Na kwa kuwa tumeitaja: methotrexate ya soriasisi humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kukosea hapo kumeua watu.)

Usiache dawa yoyote kwa sababu ya maneno haya. Beba orodha, mwulize aliyekuandikia: "Daktari, kwa dawa hizi naruhusiwa kuota jua?" Swali hilo moja tu.

Na ndimu. Nakuomba, usikamulie ndimu kwenye baka halafu ukatoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua hubabua ngozi, yakaleta malengelenge na alama nyeusi zinazokaa muda mrefu. Kwa mwenye soriasisi, hapo umejitengenezea baka kwa mkono wako.

Hatua ya pili: soma kivuli chako

Saa ya simu haitoshi. Uganda inatumia saa zilezile za Mombasa, lakini iko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua letu huchelewa. Kampala jua hufika utosini karibu na saa saba mchana, si saa sita. Mombasa limeshapita kilele chake karibu nusu saa mapema. Maana yake, mfanyakazi anayejificha saa sita halafu akatoka saa saba kwenda kula anatoka wakati ule ule ambao jua ni kali kuliko yote. Tena mstari wa Ikweta unapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka. Jua linapita juu ya vichwa vyetu mwaka mzima, halina msimu wa kupoa kama kwa wenzetu wa kaskazini ya dunia.

Kipimo cha kuaminika unatembea nacho. Simama wima mahali tambarare, mtu akuwekee alama kwa kijiti pale kichwa cha kivuli chako kinapoishia, kisha upime kwa hatua za unyayo, kisigino kikigusa vidole. Mtu wa kawaida ana urefu wa nyayo sita hadi saba za kwake mwenyewe. Kivuli kikiwa kifupi kuliko hapo, jua limekuzidi nguvu: jifunike. Kikiwa sawa na urefu wako au kimezidi kidogo, huo ndio muda wa kuota. Kikiwa kirefu mara mbili na zaidi, UVB iliyomo ni kidogo.

Kwa Kampala, Jinja au Arua, kivuli hulingana na mtu karibu na saa nne asubuhi na tena karibu na saa kumi. Kwa hiyo muda ninaoupendekeza ni kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, au kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Lile jua la saa moja asubuhi ambalo wazee hulisifu ni zuri kwa kuamsha mwili, ila kwa mabaka halifanyi kazi kubwa. UVB nyingi inakuwa imechujwa na hewa kabla ya kutufikia.

Mawingu yasikudanganye. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale hii, na wengi huungua siku ya mawingu kwa sababu hawahisi joto. Mlimani pia ongeza tahadhari: Kabale iko juu zaidi ya Kampala kwa mamia ya mita, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyozidi, ingawa baridi inakuambia vingine.

Hatua ya tatu: andaa ngozi na mahali

Magamba mazito huzuia mwanga. Oga kwa maji ya uvuguvugu, yaache magamba yalainike, kisha yafute taratibu kwa kitambaa laini. Usiyakwangue kwa jiwe wala kwa kucha. Rudia kumkumbuka yule mgonjwa wa Koebner. Paka mafuta mepesi sana, kiasi cha kuondoa weupe wa magamba tu. Vaselini nene huzuia miale. Dawa za kupaka zenye asidi ya salisiliki huzuia UVB, na calcipotriol, nayo dawa ya kupaka ya soriasisi, huharibiwa na mwanga, kwa hiyo hizo zipake baada ya kutoka juani, ikiwezekana usiku.

Mahali ndiyo shida ya wengi wetu. Mabaka yako viwikoni, magotini, ugokoni, mgongoni chini, na ndipo hasa tunapopaficha. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga, uani kuna majirani saba, atavua wapi? Njia iliyonisaidia ni leso mbili kwenye kamba ya nguo, moja mbele na moja ubavuni, na kigoda katikati. Kutoka nje inaonekana kama nguo zinakauka. Mtu akiuliza, mjibu bila kujificha: "Jirani, ni matibabu ya ngozi, haiambukizi." Ukimweleza mara moja kwa utulivu, mara ya pili hataangalia.

Hatua ya nne: funika kwanza, ota baadaye

Kabla ya kukaa, paka losheni ya jua usoni, masikioni, shingoni na kwenye ngozi nzima isiyo na mabaka itakayobaki wazi. Mabaka yaachie wazi. Kwa njia hii losheni inaacha kuwa adui wa matibabu. Inakuruhusu kupeleka jua pale tu linapohitajika. Kama losheni huna, tumia kitambaa kizito kufunika kilichobaki.

Anza na dakika tano kila upande kama ngozi yako ni nyeupe au maji ya kunde. Mwenye ngozi nyeusi sana anaweza kuanza na dakika kumi, kwa sababu melanini, ile rangi asilia ya ngozi, hupunguza miale inayozama. Weka kengele ya simu. Usikae na mazungumzo ukasahau.

Kuungua hakuonekani papo hapo. Hufikia kilele baada ya nusu siku hadi siku nzima. Kwa hiyo siku ya kwanza ikipita, usiongeze. Subiri kesho ukague. Kwenye ngozi yetu usitafute wekundu. Weka mgongo wa kiganja kwenye ngozi iliyoota jua, kisha kwenye ngozi iliyokuwa imefunikwa. Je, ile ya kwanza ni ya moto zaidi? Inavuta? Inauma ukipitisha shuka? Inawasha kuliko jana? Ukipata hata dalili moja, pumzika mpaka iishe kabisa, kisha rudi kwa nusu ya muda uliokuwa unakaa.

Kama hakuna dalili, rudia mara tatu kwa wiki. Baada ya kila mara tatu salama, ongeza dakika mbili au tatu, na ukifika dakika ishirini hadi thelathini usizidishe. Uvumilivu unahitajika hapa. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa: kwanza magamba hupungua, halafu baka hunywea na kulingana na ngozi ya kando. Rangi hubaki. Baka lililo tambarare, laini, lenye doa jeusi limeshatulia. Usiendelee kulianika ukidhani unafuta doa, maana jua litalikoleza zaidi.

Hatua ya tano: nunua losheni kwa akili

Tafuta SPF 30 au zaidi; SPF ni namba inayopima kinga ya losheni dhidi ya kuungua. SPF 30 ikipakwa vizuri huzuia takribani asilimia 97 ya UVB, na SPF 50 takribani 98, kwa hiyo usijinyime chakula kwa ajili ya tofauti hiyo. Angalia pia kama imeandikwa UVA, mara nyingi ndani ya duara dogo. Isiyo na kinga ya UVA haitakusaidia kwenye madoa. Chagua isiyo na manukato. Zenye oksaidi ya zinki au titani huwa na adabu kwa ngozi yenye mabaka, ingawa huacha weupe kama umejipaka majivu. Zilizotiwa rangi ya kahawia hazina tatizo hilo na hukinga madoa vizuri zaidi. Jaribu kidogo nyuma ya kiwiko kwa siku mbili kabla ya kupaka usoni. Soma tarehe ya mwisho, na usinunue chupa iliyopigwa na jua kwenye meza ya barabarani.

Kaa mbali na krimu za kung'arisha ngozi hata kama zimeandikwa SPF. Mkorogo mwingi una zebaki, hidrokwinoni au steroidi kali zisizoandikwa kwenye kopo. Steroidi hizo huweza kulifanya baka litulie kwa muda, halafu ukiacha linarudi kwa hasira kuliko mwanzo.

Sasa kuhusu kiasi, maana hapa ndipo pesa hupotea. Losheni ikipakwa nyembamba, namba iliyoandikwa kwenye chupa haina maana. Mtu mzima anahitaji kijiko kimoja cha chai kwa uso na shingo, kimoja kwa kila mkono, viwili kwa kila mguu, kimoja mbele na kimoja mgongoni. Ukikimimina kijiko kimoja kiganjani utashangaa kinavyojaa bonde zima la kiganja. Jumla ni vijiko tisa, na chupa ya mililita 100 haifiki mara tatu. Tena inatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka jasho jingi.

Ni wangapi wetu wanaweza gharama hiyo kila siku? Ndiyo maana nasema waziwazi: mwili ufunikwe kwa nguo, losheni ibaki kwa uso, masikio, shingo, na mgongo wa viganja.

Hatua ya sita: saa zilizobaki za mchana

Dakika zako zikiisha, siku ya jua imeisha. Kuanzia hapo wewe ni mtu wa kivuli kama mtu mwingine yeyote, hata zaidi.

Nguo nzuri ni iliyofumwa kwa kubana. Inyanyue kuelekea dirishani: ukiona mwanga unapenya vitobo, miale nayo inapenya. Gomesi, kanzu na mashati ya mikono mirefu vinafaa sana, ila visibane viwiko na kiuno, kwa sababu msuguano nao huita mabaka. Shati la pamba jepesi likilowa jasho hupitisha miale zaidi kuliko likiwa kavu. Kofia iwe na ukingo wa kuzunguka. Kofia ya kapelo huyaacha masikio na shingo.

Dereva wa bodaboda anahitaji glavu na mikono mirefu, kwani mgongo wa kiganja kwenye usukani hauna kivuli siku nzima. Dereva wa taksi na wa lori aangalie mkono wa kulia, ule wa dirishani. Kioo huzuia sehemu kubwa ya UVB lakini hupitisha UVA, yaani jua la dirishani halitibu baka na bado linakoleza madoa. Muuza sokoni asogeze kiti kila kivuli cha mwavuli kinapohama. Mkulima ahamishie palizi asubuhi mapema na jioni, na kama shamba ni la ndugu, aombe zamu hiyo akieleza sababu.

Jioni oga maji yasiyo moto, na ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta kwa wingi. Vaselini inatosha. Mafuta ya shea, yale ya kaskazini yanayoitwa moo yaa, ni mazuri pia. Yasichukuliwe tu kuwa kinga ya jua.

Ukiungua

Ondoka juani, weka kitambaa chenye maji baridi, kunywa maji, paka mafuta mepesi yasiyo na harufu. Malengelenge usiyatoboe. Usipake dawa ya meno, wala chumvi, wala mitishamba inayochoma. Acha kuota jua mpaka ngozi ipoe kabisa, na chunguza mahali hapo kwa wiki mbili zinazofuata.

Lini uende hospitali

Nenda haraka, siku hiyohiyo, kama mwili mzima umekuwa wa moto na unabambuka, kama kuna vipele vya usaha pamoja na homa, au kama malengelenge ya jua yameenea. Nenda wiki hiyo kama vidole vimevimba na viungo vinakakamaa asubuhi. Soriasisi huingia kwenye viungo, na ikicheleweshwa huviharibu. Nenda pia kama soriasisi imeanza ghafla kwa ukali, na ukubali kupimwa virusi vya Ukimwi, kwa kuwa wakati mwingine ndivyo vinavyoichochea. Na kama wiki nane hadi kumi za kuota jua kwa utaratibu hazijaleta badiliko, jua peke yake halikutoshi.

Hospitali ya Mulago, Kampala, ina kliniki ya ngozi, na Mbarara kuna madaktari wa ngozi kwenye hospitali ya chuo kikuu. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kukupa barua ya rufaa. Uliza kama taa za UVB zinapatikana, kwa sababu hutoa miale inayotibu bila ile ya UVA, na muda hupimwa kwa sekunde. Beba maboksi ya dawa zote unazotumia pamoja na chupa ya mitishamba kama ipo, daftari la dakika ulizoota, na picha za simu za baka lilelile, zilizopigwa kila mwisho wa wiki mahali palepale pa kivuli.